Malundo ya Fundi

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sijui, na sitajifanya najua. Nilimwuliza mara moja tu, tukiwa tunakata ua wa michongoma kwa masista. Akanijibu, "Hilo ukilijua litaota?" Nikasema haliwezi kuota. Akasema, "Basi shika panga." Nikashika panga.

Mji mzima wa Nachingwea ulimwita Fundi, bila kuongeza neno. Wengine walikuwa fundi baiskeli, fundi cherehani, fundi redio. Yeye alikuwa Fundi tu, ingawa kazi yake ilikuwa kutunza bustani za watu, kazi ambayo wengi hapa kwetu hawaihesabu kuwa kazi. Alikata ua, alipogoa miti, alipanda maua ya watu wenye nafasi ya kuangalia maua. Kisha alifanya jambo lililowashangaza wateja wote wapya: aliondoka na taka zako, na baada ya miezi kadhaa alikurudishia.

Hiyo ndiyo ilikuwa huduma yake. Nyuma ya nyumba yake kila mteja alikuwa na lundo lake, na mbele ya kila lundo kulikuwa na kibao kilichoandikwa kwa mkaa: MASISTA. MENEJA. DAKTARI. GESTI RUANGWA. Majani ya masista yalioza kwenye lundo la masista, na mboji yake ikarudi kwa masista. Hayakuchanganywa kamwe. Siku moja nilimwambia jani ni jani tu na kuoza ni kuoza, kwa nini tusirundike pamoja tukapumzika? Akaniangalia kana kwamba nimemwambia tuchanganye watoto wa watu.

"Mwenye nyumba akikuta pilipili imeota kwenye waridi lake," alisema, "ajue ni pilipili yake."

Mwisho kabisa, karibu na choo, kulikuwa na lundo dogo lenye kibao kilichoandikwa MIMI. Hilo lilikuwa lake. Maganda ya mihogo yake, majani ya mpapai wake, makapi ya chai yake. Lilikuwa dogo kwa sababu aliishi peke yake na alikula kidogo.

Nilifanya kazi naye miaka kumi na mmoja. Katika miaka hiyo nilimtaka kitu kimoja tu, na hakikuwa nyongeza ya mshahara, ingawa hiyo nayo sikuipata. Nilitaka siku moja achukue mboji niliyoitengeneza mimi, toka mwanzo mpaka mwisho, aifinye mkononi, ainuse, aseme "Imeiva." Kwake hakuna gunia lililotoka uani bila neno hilo. Kwa malundo yake alilisema. Kwa malundo yangu alisema "Bado."

Niseme ukweli: mwanzoni nilistahili.

Mimi ni mtoto wa Kiegei. Nimelelewa na mama aliyeamini kwamba mwanamke akikutwa na jua uwanja wake haujafagiwa, huyo hana mwenyewe. Kwetu uwanja unafagiwa mpaka udongo unang'aa, majani yanakusanywa pembeni, yanawashwa moto. Moshi wa asubuhi ndio unaowaambia majirani kwamba hapa pana watu wenye adabu. Kwa hiyo wiki yangu ya kwanza kwa Fundi, nikitaka anione mtu wa maana, niliwahi kazini kabla hajarudi msikitini. Nikakuta nyuma ya nyumba kuna rundo la majani makavu lililonifika kifuani. Nikasema moyoni, maskini mzee wa watu, hana wa kumsaidia. Nikafagia vizuri, nikawasha.

Aliporudi moto ulikuwa umekolea. Alisimama, kofia yake kichwani, tasbihi mkononi.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Umeamka mapema."

"Ndiyo, Fundi. Nimeona uwanja mchafu."

"Ulikuwa mchafu miezi minne," alisema. "Nilikuwa nauchafua mwenyewe."

Akavuta kigoda, akakaa, akaota ule moto mpaka ukaisha. Hakunigombeza. Majivu yalipopoa akanipa ungo niyachekeche, niyatie kwenye debe. Ndipo aliponieleza kwamba masika majani mabichi yanakuwa mengi kuliko unavyoweza kubeba, na mabichi peke yake hayaozi vizuri, yananuka. Lazima uyapange na makavu, tabaka kwa tabaka, kama mtu anayepanga vitumbua kwenye sufuria. Makavu ya kutumia masika yote ndiyo yale niliyokuwa nimeyachoma kwa adabu zangu.

Masika ile malundo yalinuka. Jamani, yalinuka! Jirani wa upande wa kulia alikuja na kanga puani akauliza kama tumefiwa na ng'ombe. Ikabidi mimi nipite nyumba kwa nyumba alfajiri, na gunia begani, kuomba: "Shikamoo mama, naomba majani yako kabla hujayachoma." Wengine walinipa. Wengine walinitazama, wakayawasha huku nikiona, nisije nikawarogea nayo. Nilirudi na gunia nusu, nikiwa nimekasirika na dunia nzima, na Fundi akisema, "Haya, leo umejua kila nyumba wanafagia saa ngapi." Hayo maarifa ninayo mpaka leo. Ni kweli kwamba yamenisaidia kazini, lakini sikumpa raha ya kumwambia.

Tangu hapo nikajua kwamba ugomvi wake mkubwa duniani ulikuwa na kiberiti. Mtu akichoma majani, Fundi hakupiga kelele. Alikwenda, akasimama karibu na moto, akavua kofia kama yuko mazishini. Mchomaji akiuliza kuna nini, alisema, "Endelea tu, nimekuja kuaga." Wapo walioona haya wakaacha. Wapo waliomwona mwendawazimu. Moto mmoja tu aliukubali. Mimi Mkatoliki ndiye niliyemweleza, kwamba kabla ya Jumatano ya Majivu tunachoma yale matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, na padri anatupaka majivu yake kwenye paji la uso. Alifikiri sana.

"Mnapakana yote?"

"Hapana, Fundi. Kidogo tu, kwa kidole."

"Yanayobaki?"

Nikasema sijui, labda sakristia. Siku ya pili akavaa shati lake jipya, akaenda kwa masista na kopo. Sista mkuu aliniambia baadaye kwamba katika miaka yake yote ya utawa hajawahi kuombwa majivu matakatifu na Mwislamu mwenye kopo la maziwa ya unga. Hakumpa. Alimpa ya jikoni. Fundi akayapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akayapeleka kwenye lundo la masista.

Kazi hii inakupa mambo ya watu hata kama huyataki. Taka zinasema. Tulijua nani ameacha pombe na nani ameanza, kwa vizibo. Tulijua nani anawaambia wageni kwamba anakula kuku, na takani kwake hamna mfupa hata mmoja. Fundi alikuwa na midomo iliyofungwa kabisa. Kwa Meneja tuliwahi kukuta barua zimechanwa vipande vidogo, zimefichwa katikati ya majani ya mchungwa. Mwandiko ulikuwa wa kike na haukuwa wa mkewe, maana mkewe ndiye aliyekuwa akituandikia orodha ya kazi. Nikaanza kuunganisha vipande viwili, vitatu, kwa nia njema tu ya kujua. Fundi akanipokonya.

"Karatasi ni kavu," akasema. "Inafaa."

Akavitia mahali palipokuwa na unyevu kuliko pote kwenye lundo la Meneja, akafunika kwa samadi ya mbuzi. Baadaye mke wa Meneja alipanda nyanya kwenye mboji ile. Zilizaa sana. Alimletea Fundi kikapu kizima, na Fundi akala bila kubadilisha uso.

Msimu wa korosho ndio ulituletea serikali. Wakulima wa Mkotokuyana wakishaondoa korosho, mabibo, yale matunda yenyewe, wanayaacha chini yanaoza. Anayependa uraka, pombe ya mabibo, anakamua uraka, mengine yanabaki kwa nzi. Fundi alichukizwa na ubadhirifu huo mwaka hadi mwaka, na mwaka mmoja akaamua. Tukakodi guta la magurudumu matatu, tukaleta mabibo mapipa kwa mapipa, tukayatia kwenye shimo na kuyafunika kwa mabua ya ufuta yaliyokatwakatwa urefu wa kidole. Siku ya tatu harufu ikaanza kutembea. Siku ya nne mbuzi wa jirani akaingia, akala, akalala katikati ya njia miguu juu, mwenye mbuzi akilia kwamba amekufa. Hakuwa amekufa. Siku ya tano wakaja wazee watatu, kila mmoja na kikombe chake ndani ya mfuko wa koti, wakakaa kwenye benchi letu wakauliza habari za afya.

Fundi, ambaye hajawahi kugusa pombe maishani, aliwaelezea mboji kwa saa nzima. Wawili waliondoka. Wa tatu alibaki akiamini kwamba ni namna ya kupima kama ni mtu wa siri.

Siku ya sita akaja mtendaji na mgambo wawili. Mtendaji alikuwa kijana wa heshima, hakujua aanzie wapi.

"Shikamoo, mzee. Tumepata taarifa kwamba hapa panapikwa gongo."

"Marahaba. Pikeni tuone," alisema Fundi.

"Mzee, harufu si inasikika?"

"Inasikika. Ni ya kwangu."

Akampa mtendaji jembe uma, akamwambia afukue mwenyewe. Mtendaji akafukua. Mvuke ukatoka shimoni ukampiga usoni, akarudi nyuma, mgambo mmoja akasema, "Lipo jiko huko chini!" Wakafukua wote watatu, mashati yamelowa, wakitafuta jiko. Walifukua mpaka chini. Hawakupata jiko, wala pipa, wala mrija. Walipata mabibo na mabua, yamechanganyika vizuri sana, moto wake wa kuoza tu. Fundi aliwaletea maji ya kunawa na chai. Walipoondoka akaniambia lundo lile lilikuwa limefikia siku ya kugeuzwa, na mgongo wake ulikuwa unamsumbua.

Sasa msije mkadhani alikuwa mtu wa kunyooka kila mahali. Sebuleni kwake, mezani, kulikuwa na chombo chenye maua ya plastiki, mekundu na ya njano, yenye vumbi. Fundi wa bustani! Nilimwuliza. Akasema, "Haya hayanisumbui." Na yeye aliyeokota kila kopo na kila chupa ya maji, makopo akatia miche, chupa akazitoboa vizibo akazifukia shingo chini kumwagilia mipapai kidogo kidogo, yeye huyo huyo hakuvaa mtumba. Hata siku moja. Shati lake lazima litoke dukani na pini zake. Nilimwambia, "Fundi, taka za watu unazishika mchana kutwa, shati la mtu unalikataa?" Akasema, "Taka siivai." Ukibishana na mtu wa namna hiyo unaumia kichwa wewe.

Kitu kimoja kilimshinda. Betri za redio zilizokufa. Wateja walizitupa kwenye majani, yeye akazichambua, akazitia kwenye debe lenye mfuniko. Hazifukiwi, hazichomwi, na hapa mjini alipouliza pa kuzipeleka kila ofisi ilimwelekeza ofisi nyingine. Basi akazitunza. Debe likajaa, akaanza la pili. "Siku moja watakuja wanaozijua," alisema. Nilikuwa namcheka.

Alisema kidogo. Watu aliwasemesha Kiswahili, mimea aliigombeza kwa Kimwera, na ukimsikia asubuhi akiwa na mpapai uliokataa kuzaa ungedhani ni shemeji yake. Sifa hakutoa, kwa mtu wala kwa mmea. Mteja akimwambia, "Fundi, bustani imependeza!" alijibu, "Mvua imesaidia," hata kama ni kiangazi.

Na alikuwa mtu wa kunawa. Hilo watu hawakulitegemea kwa mtu anayeshinda na taka. Akishika samadi, ananawa. Akishika mboji mbichi, ananawa mara tatu, kwa sabuni ya mche, mpaka kiwiko, na mimi ndiye niliyemmiminia maji, kwa hiyo najua. Lakini mboji iliyoiva hakuinawa. Alikung'uta viganja, pa pa, akachukua kitumbua chake akala. Mara ya kwanza nilishtuka, nikamfuata na kata ya maji. Akaisukuma pembeni.

"Hii si uchafu tena," alisema. "Ninawe nini?"

Basi ndivyo ilivyokuwa kwangu kwa miaka. Nalipanga lundo, nalimwagilia, nalichoma kijiti katikati na kukichomoa nione kama kina joto, nageuza, nangoja, nageuza tena. Nikiona sasa ni nyeusi na nyepesi, napeleka kiganja kwa Fundi. Anafinya. Ananusa, macho yamefumba. "Bado." Kisha ananyoosha mikono nimmiminie maji, na sabuni. Ile sabuni iliniuma kuliko neno lenyewe.

Kila mara palikuwa na sababu, na mbaya zaidi, ilikuwa ya kweli. Mara nimetia maji mengi. Mara sikukata mabua mafupi. Mara moja niliiweka kwenye mfuko uliowahi kuwa na salfa, ile dawa ya mikorosho, nimeufua mara mbili na kuuanika, na bado akanusa akasema, "Hii imepita kwa mkorosho wa nani?" Nilipochoka nikamfanyia hila. Nikachota mboji yake mwenyewe, ambayo jana yake ameiita imeiva, nikampelekea kama yangu. Akafinya, akanusa.

"Hii ni ya kwangu. Ya kwako iko wapi?"

Nilienda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira. Mwanamke mzima, mama wa watoto watatu, nalia kwa sababu ya majani yaliyooza. Niliporudi alikuwa amenimiminia chai. Sukari ilikuwa nyingi mno.

Kisha miguu yake ikaanza kuvimba. Kwanza akaacha kwenda Ruangwa, nikawa naenda peke yangu na guta kukata maua ya gesti. Halafu akaacha kugeuza malundo, akawa anakaa kwenye kigoda ananielekeza kwa fimbo. Mwishowe binti yake akaja kumchukua, akae naye Mandawa. Alipakia mashati yake, maua yake ya plastiki na madebe mawili ya betri. Binti akauliza betri za nini. Fundi akamwambia azishike vizuri zisimwagike.

Mimi aliniachia jembe uma, funguo za uani na maneno matatu: "Usipeleke kitu hakijaiva."

Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana nani wa kusema imeiva? Malundo yote yalikuwa yangu sasa. Niliyapanga, niliyageuza, na yakafika mahali ambapo macho yangu yalisema tayari. Lakini macho yangu yalikuwa yamesema tayari miaka kumi na mmoja, na kila mara yalikuwa yamekosea. Nikangoja wiki. Nikangoja nyingine. Masista wakaanza kuuliza mboji ya mboga zao iko wapi. Mwenye gesti ya Ruangwa akanipigia simu, akasema mvua imekaribia, anataka mboji yake ndani ya wiki, la sivyo atatafuta vijana wenye fyekeo, watafyeka na kuchoma, biashara iishe. Wateja wengine walikuwa wanasikiliza ataamua nini. Nikaona huduma yote ya Fundi inakwenda kuishia kwenye kiberiti, na nitakuwa nimeiua mimi kwa woga.

Nikaenda kwenye lile lundo la karibu na choo, lenye kibao cha MIMI. Alikuwa ameliacha likiwa bichi kabisa, maganda yanaonekana. Nililigeuza kama mengine. Sheria yake ilikuwa taka za mtu zirudi kwa mwenyewe, kwa hiyo hili lilikuwa na safari ya Mandawa, hata kama nisingekuwa na shida nyingine. Nikajaza kiroba kimoja, safi, ambacho hakijawahi kuona salfa. Nikajiapiza: akisema imeiva, kesho yake wateja wote wanapata magunia yao. Akisema bado, nampigia mwenye gesti nimwambie atafute vijana wake, na mimi narudi Kiegei kulima ufuta.

Nikapanda pikipiki, kiroba mapajani, vumbi mpaka kwenye meno.

Binti yake alinipokea vizuri. Uwanja wake ulikuwa umefagiwa mpaka unang'aa, na pembeni hapakuwa na alama ya moto, kulikuwa na lundo. Nikajua mzee yupo. Aliniambia njiani kuelekea barazani kwamba baba haoni vizuri siku hizi na miguu ndiyo hivyo, ila pua ni ile ile. Juzi alimwita kutoka kitandani kumwambia kwamba maharage ya jirani yanaungua, na kweli yalikuwa yanaungua.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, shati jipya, mikunjo ya dukani bado ipo. Amekonda. Madebe mawili yalikuwa chini ya kiti.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

Hakuuliza hali yangu wala watoto. Nikasema, "Taka zako, Fundi. Nimekurudishia."

Nikafungua kiroba. Nikachota, nikamwekea kiganjani. Akafinya. Akafungua vidole taratibu, akaligusa donge kwa kidole gumba, likavunjika. Akapeleka puani, akafumba macho.

"Masista wamepata yao?" aliuliza, macho bado yamefumba.

"Bado, Fundi. Hakuna aliyepata. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Mvua je?"

"Imekaribia."

Akanusa tena. Kisha akaimwaga ndani ya kiroba, akakung'uta viganja, pa pa.

"Bado," alisema.

Nikaitikia, "Haya, Fundi." Nilikunja mdomo wa kiroba. Nilihesabu maneno nitakayomwambia mwenye gesti, nikajifuta macho kwa ncha ya kanga, nikashukuru Mungu kwamba haoni vizuri.

Binti akaja na ugali na mlenda kwenye sinia, akaweka kati yetu. Kisha akaleta jagi la maji na beseni, na sabuni juu ya kisahani, akamwinamia baba yake kwanza.

"Baba, nawa."

Akalisukuma jagi pembeni, kwa mkono ule ule. Akamega tonge.

"Baba! Si umeshika mataka yale sasa hivi? Mwone huyu! Kila siku ananawa mpaka sabuni inakwisha, leo ndiyo anatafuta kipindupindu mbele ya mgeni."

Fundi akachovya, akala. Hakugeuza uso upande wangu. Akamega la pili.

Binti akashusha pumzi, akanigeukia na jagi. "Haya dada, nawa wewe mwenye akili."

Nikatazama mikono yangu. Ilikuwa myeusi mpaka kwenye kucha. Nikaikung'uta, nikamwambia aliweke tu jagi chini, ugali unapoa.